Saa janja inasumbua kuliko inavyopima: tafuta chanzo kabla ya kuivua

Saa janja ina kazi mbili zilizofungwa kwenye mkanda mmoja. Ya kwanza ni kupima: mapigo ya moyo, hatua, usingizi na, kwa baadhi ya saa, oksijeni ya damu. Ya pili ni kupasha habari: nani kakuandikia, nani kapenda picha yako, umekaa kitako muda mrefu, hongera kwa lengo la leo. Wengi huzichukulia kama kazi moja, na ndiyo maana mtu akichoshwa na usumbufu huivua saa na kuitupa drooni pamoja na vipimo alivyoinunulia.

Kazi ya kwanza haiitegemei ya pili. Zile taa za kijani mgongoni mwa saa zinaendelea kuisoma damu yako hata kama kioo kimezimika na mtetemo umenyamazishwa. Saa inaweza kuwa bubu na bado ikawa na macho. Kwa hiyo karibu kila tiba iliyoandikwa hapa chini inagusa mdomo wa saa na kuyaacha macho yake, na pale ambapo watu hukosea wakafumba macho badala ya kufunga mdomo, nitasema.

Kwanza, mjue anayekusumbua

Usianze kuzima ovyo. Chukua siku moja ya kawaida, na kila mkono ukitetemeka weka alama kwenye karatasi chini ya herufi moja kati ya tatu. S ni kilichotoka kwenye simu: ujumbe, barua pepe, habari, matangazo. K ni kelele ya saa yenyewe: simama, pumua, umevunja rekodi, betri inaisha. M ni kinachohusu mwili wako kweli, kama onyo la mapigo yaliyopanda ukiwa umetulia.

Nilipofanya zoezi hili, S ilijaa, K ikafuata, na M ikabaki tupu. Karatasi yako ikifanana na hiyo, anza na dalili ya kwanza. K ikiizidi S, ruka hadi ya pili. M ikiwa na alama hata mbili tatu, soma kwanza sehemu ya mapigo ya moyo, mengine yatakusubiri.

Dalili: mkono hautulii, kila ujumbe wa simu unagonga

Chanzo ni ile siku uliyoiunganisha saa na simu. Programu ya saa iliomba ruhusa ya kusoma arifa, ukakubali kama tunavyokubali wote, na tangu hapo kila kinacholia kwenye simu kinarudiwa mkononi. Kibaya zaidi, kwenye baadhi ya saa programu mpya utakayoipakua mwezi ujao itajiunga na msafara huo bila kukuuliza.

Watu hujaribu kupunguza: wanazima mchezo mmoja, programu moja ya ununuzi, kisha wanachoka. Kupogoa hakufai hapa. Fungua programu ya saa kwenye simu, ingia sehemu ya arifa, zima zote, halafu rudisha moja moja kwa swali hili: nisipolijua jambo hili ndani ya dakika tano, kuna kitakachoharibika? Kwa watu wengi zinazopita mtihani ni simu za sauti, kengele, na pengine kalenda. Barua pepe haipiti. Habari haipiti. Ukikuta swichi inayohusu programu mpya, izime nayo, la sivyo baada ya miezi mitatu utarudi ulipotoka.

Programu za ujumbe ndizo ngumu, kwa sababu humo humo mna mama mzazi na mna kundi la watu mia mbili wanaotakiana asubuhi njema. Saa nyingi hazijui kuwatenganisha. Watenganishe kwenye simu: nyamazisha makundi ndani ya programu yenyewe, maana arifa isiyolia kwenye simu haina cha kupeleka kwenye saa. Kisha tumia orodha ya watu muhimu ya simu yako ili wale wachache tu ndio wapite ukiwasha hali ya Usinisumbue.

Huenda ukajiambia kwamba mtetemo hauna neno madhali huusomi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani, walilipima hilo. Watu walipewa kazi inayohitaji umakini, na baadhi yao wakapokea arifa kwenye simu bila kuigusa wala kuisoma. Walikosea zaidi, kwa kiwango kinachokaribia cha watu wanaoitumia simu kweli. Na hiyo ilikuwa simu, si kitu kilichobana ngozi.

Dalili: umezima ujumbe wote, saa bado inatetemeka

Sasa ni zamu ya K. Saa ina maneno yake mwenyewe, tena mengi, na mipangilio yake haikai pamoja na arifa za simu. Tafuta kwenye sehemu za shughuli, afya, na ustawi. Utakuta kikumbusho cha kusimama, kikumbusho cha kupumua, pongezi za lengo, medali, muhtasari wa wiki, na taarifa kwamba fulani kamaliza mazoezi yake.

Kikumbusho cha kusimama ndicho kinachogombanisha watu na saa zao. Kwenye Apple Watch, kwa mfano, ukikaa dakika 50 za kwanza za saa bila kusimama, inakugonga dakika kumi kabla ya saa kugeuka. Uko kwenye gari, uko kwenye mtihani, haijui. Wengi huogopa kukizima wakidhani hesabu ya kusimama itakufa. Haifi. Swichi ile inazima ukumbusho tu. Duara la kwenye kioo linaloonyesha hesabu hiyo linaendelea kujaa kimya kimya na jioni utalikuta.

Pongezi mimi nilizizima siku moja nikiwa nimekaa na jirani akinieleza jinsi alivyofiwa. Katikati ya sentensi yake mkono wangu ukatetemeka na kioo kikarusha fataki: nimefikisha hatua elfu kumi. Aliziona.

Na hizo elfu kumi zenyewe zisikutese. Hazikutoka maabara. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki za Tokyo, kampuni moja ya Japani ilitoa kifaa cha kuhesabia hatua kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Jina lilikuwa la biashara, nambari ikabaki. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia wanawake wazee zaidi ya 16,000, ulikuta kwamba waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea kama 2,700, na kwamba faida iliacha kuongezeka karibu na hatua 7,500. Shirika la Afya Duniani nalo halihesabu hatua. Linapendekeza watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Neno la kushika hapo ni wiki. Saa ikikuruhusu kuweka lengo la wiki, liweke, na lile la siku lishushe hadi pale ambapo utalifikia bila kupigiwa kelele. Kwenye Apple Watch, tangu toleo la mwaka 2024, unaweza hata kuyasimamisha maduara siku unapoumwa, bila kupoteza mfululizo wako wa siku ulizofikia lengo.

Dalili: haitetemeki tena, ila wewe mwenyewe unaitazama

Hii ni ngumu kuliko zote, kwa kuwa hapa hakuna swichi inayokuingia kichwani. Wengine huhisi hata mtetemo ambao haukuwapo: ngozi imezoea kungoja, basi msuli ukicheza kidogo wanageuza mkono. Hilo hupungua arifa zikiwa chache, lakini huchukua muda.

Kinachosaidia ni kuondoa chambo. Badilisha uso wa saa, uweke ule unaoonyesha wakati tu, bila mapigo, bila hatua, bila asilimia ya chochote. Ukitaka kujua mapigo yako itabidi ubonyeze mara mbili tatu, na hizo mbonyezo mbili tatu zinatosha kukukumbusha kwamba hukuwa na sababu. Zima kioo kinachowaka daima. Zima kuwaka unapoinua mkono ili kiwake kwa kuguswa tu, na faida yake ya pili ni kwamba hutamulika wenzako gizani kila unapojikuna kichwa.

Katika mazungumzo, mtu anayetazama saa anaonekana ana haraka ya kuondoka. Saa ya zamani ilikuwa na kanuni hiyo ya adabu, na hii ya sasa haijaifuta.

Dalili: usiku inamulika, asubuhi inakuhukumu

Ya kumulika ni rahisi. Washa hali ya wakati wa kulala na uipangie ratiba ijiwashe yenyewe. Kioo kitazima, arifa zitanyamaza, kengele ya asubuhi itabaki, na vipimo vitaendelea. Kama mwanga mwekundu wa kipimo cha oksijeni unakuamsha au unamkera unayelala naye, saa nyingi zina swichi ya kukizima usiku peke yake.

Ya kuhukumu ina mizizi mirefu. Umeamka vizuri, unafungua saa, inakwambia usingizi wako ulikuwa hafifu, na ghafla unachoka. Mwaka 2017 watabibu wa Marekani waliandika juu ya wagonjwa wa aina hii: watu waliokuja kliniki wakilalamikia takwimu za kifaa na kukaa kitandani muda mrefu zaidi ili kuzipandisha, jambo ambalo lenyewe huharibu usingizi. Hali hiyo wakaiita othosomnia.

Ujue saa inapima nini. Maabara ya usingizi hutumia nyaya kichwani kusoma mawimbi ya ubongo, na nyingine kufuatilia macho na misuli. Saa haina hata kimoja cha hivyo. Ina mwendo wa mkono na mapigo ya moyo, na kutokana na hayo mawili inakisia. Kwa muda wote uliolala inakaribia ukweli, ingawa ukilala macho wazi bila kujitikisa inaweza kukuhesabia usingizi. Kwa hatua za usingizi, yaani mzito, mwepesi na wa ndoto, ni makisio zaidi.

Kwa hiyo ficha alama ya asubuhi kama saa inakuruhusu. Isipokuruhusu, jiamulie kwanza mwenyewe umeamkaje, kwa neno moja, ndipo ufungue. Mimi hutazama siku ya saba tu, na ninatazama kitu kimoja: saa ya kulala na saa ya kuamka, kama zimetulia au zinaruka. Hizo ndizo ninazoweza kuzibadilisha. Usingizi mzito hauamrishwi.

Dalili: saa inakutisha kwa mapigo ya moyo

Hapa twende polepole, kwani hapa ndipo palipo na arifa za bandia na pia arifa pekee ambazo hupaswi kuzizima.

Damu hufyonza mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka kwenye mishipa ya mkono na mwanga unaorudi kwenye kihisi hupungua. Kati ya pigo na pigo mwanga huongezeka tena. Saa inahesabu mawimbi hayo. Chochote kinachoingilia njia ya mwanga kinaingilia hesabu.

Mkanda uliolegea ndio mkosaji wa kwanza: saa inachezacheza, mwanga wa nje unaingia. Ipandishe upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, uikaze kiasi isiteleze lakini isikuachie alama, na wakati wa mazoezi ongeza tundu moja. Baridi nayo hupunguza damu ya ngozi, hivyo dakika za kwanza za mazoezi ya alfajiri usiziamini sana. Tatuu nzito chini ya kihisi inaweza kuzuia mwanga kabisa, na dawa yake ni kuhamia mkono mwingine. Jasho na mafuta yaliyokauka mgongoni mwa saa, futa kwa kitambaa laini chenye unyevu.

Kuna kosa moja la wakimbiaji linalofaa kulijua kwa sura. Unaanza kukimbia taratibu, na papo hapo saa inaonyesha mapigo 170 na kung'ang'ania hapo. Hesabu hatua zako za dakika moja: zikikaribia nambari hiyo hiyo, saa imeacha kufuata moyo na inafuata mtikisiko wa mkono. Simama kidogo, kaza mkanda, uanze tena. Likijirudia, ukanda wa kifuani unaosoma umeme wa moyo hauna kosa hilo.

Onyo likija ukiwa umetulia, usibishane na saa, hakikisha kwa vidole. Weka viwili chini ya kidole gumba cha mkono mwingine, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika, na mwanamichezo aliyezoea anaweza kushuka hadi karibu 40. Vidole vikipingana na saa, rudi kwenye mkanda. Vidole vikikubaliana na saa, na jambo likajirudia, andika tarehe, saa na ulichokuwa ukifanya, umpelekee daktari. Usianze kwa kupandisha kiwango cha onyo ili likome. Huko ni kuziba king'ora badala ya kunusa moshi.

Maonyo ya mapigo yasiyo na mpangilio, ya mapigo ya juu au ya chini ukiwa umetulia, na ya kuanguka kama unayahitaji, yaache. Hayasumbui. Katika utafiti mkubwa wa Chuo Kikuu cha Stanford na kampuni ya Apple uliochapishwa mwaka 2019, washiriki walikuwa 419,297, na waliopata arifa ya mapigo yasiyo na mpangilio ni asilimia 0.52 tu. Arifa inayoweza kupita mwaka mzima bila kulia siyo inayokuharibia chakula cha jioni.

Ila ukimya wa saa usiuchukue kuwa cheti. Saa hizi hazitambui shambulio la moyo. Maumivu ya kifua, kukata pumzi au kuzimia ni safari ya hospitali hata kama kioo kinaonyesha 72 na duara la kijani limejaa.

Dalili: umeinyamazisha, sasa vipimo vina mapengo

Umefumba macho badala ya kufunga mdomo. Kosa la kawaida ni kuwasha Kiokoa Betri kwa ajili ya utulivu. Kwenye saa nyingi hali hiyo hukata upimaji wa mapigo wa nyuma ya pazia, na kwenye Apple Watch huondoa pia maonyo ya moyo. Utulivu unaletwa na Usinisumbue, au hali ya ukumbi wa sinema, ambazo hunyamazisha na kuzima kioo huku mapigo yakiendelea kusomwa. Kosa la pili ni kuzima utambuzi wa mkono, ile swichi inayoijulisha saa kwamba imevaliwa. Ukiizima, baadhi ya vipimo havifanyiki.

Hali ya ndegeni haina neno kwa usiku mmoja: saa huhifadhi vipimo na kuvimwaga kwenye simu baadaye. Pengo likibaki hata baada ya kuunganisha upya, tazama kama simu imeinyima programu ya saa ruhusa ya kufanya kazi chinichini. Simu zenye tabia ya kubana betri huiua programu hiyo bila kusema.

Dalili: kalori hazieleweki

Zifiche. Mwaka 2017 watafiti wa Stanford walijaribu vifaa 7 kwa watu 60. Katika mapigo ya moyo, sita kati ya hivyo saba vilikosea chini ya asilimia 5. Katika nishati iliyotumika, kilicho bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, kibaya zaidi asilimia 93. Usile wala kufunga kwa kufuata nambari hiyo.

Na saa inayodai kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi, usiitegemee kabisa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya vifaa hivyo Februari 2024, kwa kuwa mgonjwa anaweza kutumia dawa kwa kipimo kisicho sahihi.

Dalili: kelele zimerudi zenyewe

Umesasisha programu, umebadilisha simu, au umeirudisha saa kwenye hali ya kiwandani. Vipengele vipya huja vikiwa vimewashwa. Piga picha za kioo za mipangilio yako siku inapokaa sawa, ili siku hiyo ikifika urudishe kwa dakika chache badala ya kuanza na karatasi ya S, K na M.

Ukiwa umefanya haya yote na bado jicho linakimbilia mkononi, basi tatizo ni kioo chenyewe, na vipo vifaa visivyo nacho: pete, na mikanda mitupu inayopima mapigo na usingizi na kupeleka kila kitu kwenye simu. Kabla ya kuhama, hamisha kwanza kumbukumbu zako kutoka kwenye programu ya saa, kwa sababu mapigo yako ya mapumziko ya mwaka uliopita ndiyo utakayoyahitaji siku daktari atakapouliza kama haya ya leo yamepanda.